Wahindi wa Leicester na Wapakistani wa Bradford: pengo limetoka wapi?

Aliyekulia Afrika Mashariki amelisikia neno hili tangu utotoni: "Wahindi wanajua biashara." Linasemwa sokoni, linasemwa ndani ya basi, linasemwa hata na wasomi, na kila linaposemwa huonekana kama limemaliza mjadala. Huko Uingereza neno hilo limeota mkia. Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin, watu husema, walitua mikono mitupu wakainuka. Wapakistani waliwatangulia kufika, hawakufukuzwa na mtu, na mpaka leo wengi wao ni maskini. Msemaji huishia hapo, akamwachia msikilizaji amalizie mwenyewe: hawa wachapakazi, wale wavivu, hawa dini yao inawasukuma mbele, wale yao inawarudisha nyuma.

Nalichukulia jambo hili kwa uzito, kwanza kwa sababu nusu ya kisa ni chetu: kilianzia Kampala, Jinja, Nairobi na Mwanza. Tena hukumu hiyo inaumiza watu. Mtoto wa Bradford, mji wa kaskazini mwa Uingereza wenye Wapakistani wengi, anaikuta imemsubiri mlangoni kabla hajaandika barua yake ya kwanza ya kuomba kazi.

Pengo lenyewe lipo, na hakuna heshima yoyote katika kulificha. Mwaka 2018, ofisi ya taifa ya takwimu ya Uingereza ilipolinganisha mishahara, ilimtazama yule mwajiriwa anayesimama katikati ya foleni, nusu ya wenzake wakiwa wanalipwa zaidi yake na nusu pungufu. Mwajiriwa wa namna hiyo mwenye asili ya Kihindi alipata pauni 13.47 kwa saa. Mzungu Mwingereza alipata kama pauni 12. Mpakistani alipata pauni 10. Kwa upande wa nyumba, katika miaka miwili iliyoishia Machi 2018, kaya za Kihindi 74 katika kila 100 ziliishi kwenye nyumba zao wenyewe. Za Wazungu Waingereza zilikuwa 68, za Kipakistani 58. Na ukihesabu umaskini baada ya kila kaya kulipa gharama za makazi, karibu nusu ya Wapakistani wanaanguka chini ya mstari, wakati kwa Wahindi ni kama robo.

Kwa hiyo swali la maana ni kwamba pengo hili limetengenezwa na nini.

Kila mmoja alitokea wapi

Tuanze na hao wanaoitwa Wahindi wa Uganda. Wengi hudhani ni wajukuu wa vibarua waliojenga reli ya kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901. Vibarua hao walikuwa kama 32,000, lakini waliobaki Afrika baada ya kazi hawakufika 7,000. Walio wengi walikuja baadaye kwa hiari yao, hasa kutoka Gujarat, wakafungua maduka, wakawa makarani, mafundi, walimu, wanasheria. Chini ya ukoloni waliwekwa kwenye ngazi ya katikati: chini ya Mzungu, juu ya Mwafrika. Ngazi hiyo ilikuwa dhuluma kwetu, na uchungu wake ndio uliokuja kumfanya Amin ashangiliwe na watu. Ila kwa aliyeishi juu yake ilikuwa pia shule. Miaka hamsini, sitini, familia ilizoea kutunza daftari la hesabu, kuomba leseni, kukopeshana kwa neno la mdomo, kumwandikia barua ofisa wa serikali kwa Kiingereza. Watoto wao walifanya mitihani ya Cambridge wakiwa Kampala na Nairobi.

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin akatangaza kwamba waondoke, na wakapewa siku 90. Waliokwenda Uingereza walikuwa kama 28,000. Waliruhusiwa kubeba takriban pauni 50 tu. Nyumba, maduka, viwanda na akaunti za benki vilibaki nyuma. Mateso hayo yalikuwa ya kweli. Kuna watu waliovuliwa pete barabarani kuelekea Entebbe, na wengine walipokelewa katika kambi za zamani za kijeshi, wakalala kwenye vitanda vya chuma katika baridi ambayo hawakuwahi kuijua.

Lakini "mikono mitupu" ni kauli ya kuangaliwa mara mbili. Askari wa kizuizini aliweza kufungua sanduku. Hakuweza kufungua kichwa cha mhasibu, wala kumpokonya mama Kiingereza chake, wala kufuta majina ya jamaa waliokwisha kutangulia Leicester, mji wa katikati ya Uingereza. Tena wenzao wa Kenya walikuwa wameanza kuhama tangu 1967, baada ya sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara, na kwa kuwa hawakufukuzwa kwa mtutu, baadhi yao walipata nafasi ya kuuza na kuondoka na chochote. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1968 bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia, ingawa walikuwa na pasipoti za Kiingereza mfukoni.

Sasa twende Mirpur, walikotoka wengi wa Wapakistani wa Bradford.

Mirpur ni wilaya ya vilima katika upande wa Kashmir unaotawaliwa na Pakistan. Ilikuwa nchi ya wakulima wadogo, mashamba yanayotegemea mvua, shule chache. Lugha ya nyumbani ni Kipahari. Ya shuleni ni Kiurdu. Kiingereza ni lugha ya tatu kwa aliyebahatika kusoma. Tangu mwisho wa karne ya 19 wanaume wa huko walikwenda kufanya kazi ya kuchochea moto katika meli za Kiingereza, na baadhi yao walishukia bandarini na kubaki Uingereza. Hao ndio waliokuja kuwa wenyeji wa jamaa zao.

Kisha likaja bwawa. Mwaka 1960 India na Pakistan zilitia saini mkataba wa kugawana maji ya mto Indus, na moja ya matunda yake likawa bwawa la Mangla katika mto Jhelum, lililojengwa kuanzia 1961 hadi 1967. Maji yalipopanda yalifunika mji wa zamani wa Mirpur pamoja na vijiji vingi, na zaidi ya watu 100,000 walilazimika kuhama. Mpaka leo, msimu maji yanapopungua, mabaki ya mahekalu na makaburi ya mji ule hutokeza juu ya tope, na watu huenda kuomba dua kwenye ardhi ya babu zao kwa wiki chache kabla haijazama tena.

Basi ile kauli kwamba Wapakistani "hawakufukuzwa na mtu" si sahihi. Wengi wao walifukuzwa na maji, na baadhi yao walitumia fidia ya shamba kununua tiketi. Sheria ya 1962 ya kubana uhamiaji, badala ya kuwapunguza, iliwaharakisha: kila aliyekuwa anasitasita alitaka kuingia kabla mlango haujafungwa.

Kila mmoja alitua wapi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa maoni yangu, na ndipo wasimuliaji wengi wanapopita mbio.

Miaka ya 1950 na 1960 viwanda vya sufu vya Bradford vilikuwa vikihangaika. Wenye viwanda walinunua mashine mpya za bei kubwa, na mashine ya bei kubwa hairudishi fedha yake ikilala usiku. Wenyeji hawakuitaka zamu ya usiku. Wanawake, ambao walikuwa nguvu kubwa ya viwanda hivyo mchana, walizuiwa na sheria kufanya kazi usiku. Pakabaki pengo la umbo la mwanamume mgeni asiye na familia karibu, anayetaka saa nyingi za kazi ili atume fedha nyumbani. Mirpur ikalijaza. Kuna viwanda ambako zamu yote ya usiku ilizungumza Kipahari, na mtu aliweza kufanya kazi miaka kumi na tano bila kuhitaji Kiingereza zaidi ya cha kumwelewa msimamizi.

Walikaa wanaume watupu katika nyumba moja, wa zamu ya mchana akiamka, wa zamu ya usiku akilala kwenye kitanda kilekile kikiwa bado na joto. Hakuna aliyefikiri kununua duka, maana hakuna aliyefikiri kubaki. Mpango ulikuwa miaka michache, kisha kurudi. Fedha ikaenda Mirpur: kununua ardhi, kuoza dada, kujenga nyumba ya ghorofa. Miaka ya kuweka mtaji, ile ambayo mhamiaji akiwa bado kijana anaweza kuitumia kusimika mizizi, ilisimikwa upande wa pili wa dunia.

Kisha sheria zikazidi kubana, na aliyekuwa akienda na kurudi akatambua kwamba akiondoka huenda asiruhusiwe kuingia tena. Akaita mke na watoto. Familia zikaanza kufika kwa wingi kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, zikaendelea miaka ya 1970 na 1980. Na hiyo ndiyo miaka viwanda vya sufu vilipoporomoka. Mwanamume wa miaka 45, mwenye mikono inayojua mashine moja tu, asiyeandika Kiingereza, akapoteza kazi katika mji ambao kila kiwanda kilikuwa kinafunga kwa wakati mmoja, huku nyumbani kuna watoto watano waliofika jana. Wengi waliingia kwenye teksi, na teksi za Bradford bado ziko mikononi mwa watoto wao.

Leicester ilikuwa mji wa namna nyingine. Ilikuwa na viatu, soksi na nguo za kufuma, na uhandisi. Kimoja kikiyumba kingine kilishika. Zaidi ya hapo, viwanda vya soksi na nguo viliajiri wanawake. Mama wa Kigujarati aliyekuwa amekaa nyuma ya kaunta Jinja aliweza kuanza kushona wiki mbili baada ya kushuka kwenye ndege, mumewe akiwa kiwanda cha pili. Kaya ikawa na mishahara miwili tangu mwezi wa kwanza. Na familia ilikuwa imefika yote kwa pamoja: hakuna wa kumtumia fedha, maana hakuna aliyebaki nyuma, na hakuna kwa kurudi. Kila shilingi, au tuseme kila peni, iliwekwa palepale. Barabara ya Belgrave ilikuwa na maduka matupu ya kodi nafuu. Miaka michache baadaye yalikuwa yanauza sari, dhahabu na peremende, na kwenye vibanda vya mboga ulikuta muhogo ukiitwa *mogo*, jina lililosafiri nao kutoka kwetu.

Si kwamba mji uliwataka. Septemba 1972 halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la *Uganda Argus*, ikiwaambia Wahindi kwamba nyumba, shule na huduma zimejaa, na kwa faida yao na ya familia zao wasije. Wapo waliosema baadaye kwamba tangazo lenyewe ndilo lililowafahamisha kuwa kuna mji wenye wenzao. Wala mafanikio hayakuja bila mapambano. Mwaka 1974 wafanyakazi wa Kihindi wa kiwanda cha mashine za kuchapa cha Imperial Typewriters mjini humo waligoma kwa sababu ya malipo na ubaguzi, na chama chao cha wafanyakazi kikakataa kuwaunga mkono. Miaka miwili baadaye, kaskazini mwa London, Jayaben Desai, mama mzaliwa wa Gujarat aliyekuwa ameishi Tanganyika, aliongoza mgomo wa Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha, uliodumu mpaka 1978. Hao hawakuwa mabepari waliozaliwa na kipaji cha biashara. Walikuwa vibarua waliofanywa wadogo kuliko walivyokuwa, na walijua.

Tujaribu kubadilisha kitu kimoja

Kama chanzo cha pengo ni dini au tabia ya kabila, basi dini na kabila vikibaki vilevile mahali pengine, matokeo yangebaki vilevile. Tutazame.

Watu wa asili ya Kipakistani nchini Marekani wana pato la kaya lililo juu ya la katikati kwa nchi nzima. Dini ni ileile, bendera ni ileile. Kilichobadilika ni mlango. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 ilifungulia wataalamu na jamaa zao, na kutoka Pakistan walioingia kwanza walikuwa madaktari na wahandisi wa Lahore na Karachi. Bradford ilichagua mikono ya zamu ya usiku, Marekani ikachagua vyeti. Miaka hamsini baadaye tunashangaa wajukuu wamepishana.

Tubadilishe upande wa pili. Blackburn, Lancashire, kuna Wagujarati wengi, lakini hawa walitoka moja kwa moja kwenye vijiji vya Bharuch na Surat hadi kwenye viwanda vya pamba, bila kupitia Nairobi wala Kampala. Viwanda vyao vilikufa kama vya Bradford, na hali yao inafanana zaidi na ya Bradford kuliko ya Wagujarati wenzao wa Leicester. Na kwa anayetaka kulileta suala la Uislamu: miongoni mwa waliotoka Afrika Mashariki walikuwamo Waismailia, Mabohora na Makhoja Ithnaasheri, nao waliinuka sambamba na majirani zao Wahindu.

Nakiri kwamba mfano mmoja unaipa hoja yangu shida. Masingasinga wa vijijini Punjab nao waliingia kwenye kazi nzito, katika viwanda vya kuyeyusha chuma vya Wolverhampton na kiwanda cha mpira karibu na Southall, magharibi mwa London, na viwanda hivyo navyo vilifungwa. Hata hivyo kwa jumla wamepata nafuu kuliko watu wa Mirpur. Familia zao ziliungana mapema zaidi, wanawake wao waliingia kwenye ajira kwa wingi, na wale wa karibu na Southall walikuwa na ajira za uwanja wa ndege wa Heathrow mlangoni, ambao haukufa kama viwanda. Hayo yanaeleza mengi, sidhani kama yanaeleza yote. Maamuzi ya kifamilia yana uzito wake.

Na kwa Wapakistani maamuzi mawili yana uzito mkubwa. La kwanza ni kazi ya wanawake: walio kwenye ajira kati ya wanawake wa Kipakistani na Kibangladeshi wamekuwa kwa muda mrefu chini ya nusu, wakati kwa Wahindi ni kama saba katika kumi. Kaya ya mshahara mmoja inashindana na kaya ya mishahara miwili, na kodi ya nyumba ni ileile. La pili ni ndoa za kuvuka bahari. Kijana aliyezaliwa Bradford akioa binti wa mjomba kutoka Mirpur, nyumba yake ina mgeni aliyefika leo, anayeanza lugha leo, asiyetambuliwa vyeti vyake. Kwenye takwimu mtoto wao ni kizazi cha tatu. Mezani kwake nusu ya familia ni kizazi cha kwanza. Mila hizi zina sababu zake, na moja ni deni kwa ukoo uliouza ng'ombe ili babu apate tiketi. Siwezi kumcheka anayelipa deni la namna hiyo. Lakini gharama yake kiuchumi ni kubwa, na vijana wengi wa Bradford wenyewe wanalisema hili kuliko mtu wa nje.

Mizani nayo ina makosa yake

Mpaka hapa nimezitumia namba kana kwamba zinaongea lugha moja. Haziongei.

Chukua neno "Mhindi". Sensa ya 2021 ilihesabu karibu watu milioni 1.9 wa asili ya Kihindi katika Uingereza na Wales. Ndani yake yumo mjukuu wa mwenye duka wa Jinja, Singasinga wa Wolverhampton, na mtaalamu wa kompyuta aliyeshuka juzi akitokea Bangalore na mshahara ambao ndio uliompatia viza. Ile pauni 13.47 imechanganya wote, kwa hiyo huwezi kuitumia kusimulia habari za Kampala. Utafiti mkubwa wa mwaka 1994 ulikuwa na busara ya kuwatenga waliotoka Afrika na Wahindi wengine. Ulikuta kaya za Kipakistani zaidi ya nne katika kila tano ziko chini ya nusu ya pato la wastani la taifa. Za Wazungu zilikuwa 28 katika kila 100. Na hao Wahindi wa Afrika, mashujaa wa kisa chetu? Walikuwa mbali mno juu ya Wapakistani, lakini miaka 22 baada ya kufukuzwa bado kama kaya nne katika kumi zilikuwa chini ya mstari huo. Hadithi ya utajiri wa ghafla ilikuwa ya wachache waliopigwa picha.

Kisha kuna suala la nani anakula kwenye chungu. Tuchukue kaya mbili za kubuni. Ya kwanza ina mume, mke na mtoto mmoja mdogo, na inaingiza pauni 600 kwa wiki. Ya pili ina mume, mke, babu, bibi na watoto watatu, inaingiza 750. Kwa kutazama juu juu, ya pili ndiyo yenye nafuu. Wanatakwimu hawagawanyi kwa idadi ya vichwa, kwa kuwa watu saba hawahitaji majiko saba. Mtu mzima wa kwanza huhesabiwa 1, kila mtu mzima anayeongezeka 0.5, mtoto wa chini ya miaka 14 huhesabiwa 0.3. Kaya ya kwanza inakuwa 1.8, na kila fungu lina kama pauni 333. Ya pili inakuwa 3.4, na fungu linashuka hadi kama 221. Kaya za Kipakistani ni kubwa kuliko za Kihindi, kwa hiyo ukisahau hesabu hii utauona umaskini wao mdogo kuliko ulivyo. Ila hesabu hiyo nayo haimwoni bibi anayelea wajukuu bure, jambo ambalo jirani analilipia mamia ya pauni kwa mwezi, wala haioni fedha inayotoka chunguni kila mwezi kwenda Mirpur.

Umri nao huchanganya. Mpakistani wa katikati nchini humo hajafika miaka 30, wakati kwa nchi nzima ni 40. Jamii changa ina watoto wengi na wafanyakazi walio mwanzo wa mshahara, na huwezi kumpima kijana wa miaka 24 na mtu wa miaka 50 kisha useme umepima kabila. Na mshahara wa saa niliouanza nao unahesabu waajiriwa tu: dereva wa teksi anayejiajiri hayumo kabisa, na Wapakistani wanaojiajiri ni wengi kuliko karibu jamii nyingine zote.

Kinachonishangaza kuliko vyote ni jinsi ngazi inavyojipanga upya ukihama kutoka kwenye kipato kwenda kwenye mali. Katika mishahara ya 2018, mfanyakazi Mweusi alilipwa kwa saa zaidi ya Mpakistani. Lakini ukipima mali ya kaya, kwa kila pauni 1 aliyonayo Mzungu Mwingereza, Mhindi ana peni 90 hadi 95, Mpakistani kama peni 50, na Mwafrika kama peni 10. Sababu kubwa ni nyumba. Wale wanaume wa zamu ya usiku walipokubali kwamba wamebaki, walichangishana na kununua nyumba za bei ya chini kabisa katika mitaa ambayo Wazungu walikuwa wanaihama. Nyumba zilikuwa mbovu, lakini zilikuwa zao. Waafrika walifika baadaye, hasa London, bei zikiwa zimekwisha kupaa. Kaya zao zinazomiliki nyumba ni 20 tu katika 100. Kwa hiyo yule anayeitwa aliyeshindwa, kwa kipimo hiki, anawapita watu wanaolipwa zaidi yake.

Wajukuu

Ukitaka kujua kama ni tabia au ni njia, mtazame aliyezaliwa Bradford. Vijana wa asili ya Kipakistani wanaingia chuo kikuu kwa kiwango kinachozidi cha vijana wa Kizungu. Hayo ni majibu ya kutosha kwa anayesema jamii hiyo haithamini elimu. Ni wajukuu wa watu waliotoka kwenye vijiji vya shule chache.

Tatizo linawangoja baada ya mahafali. Watafiti wa Oxford walituma maombi ya kazi ya kubuni kwa waajiri wa Uingereza, sifa zikiwa zilezile na jina likibadilishwa, na matokeo yakatolewa 2019. Ili kupata idadi sawa ya majibu mazuri, mwombaji mwenye jina la jamii ya wachache alihitaji kutuma maombi zaidi kwa asilimia 60. Mwenye jina la Kipakistani alihitaji kuongeza kwa asilimia 70. Hapo zamu ya usiku haimo, Kipahari hakimo, babu wala bwawa havimo. Limo jina tu juu ya karatasi.

Na Leicester? Kama mji wa mafanikio ndio huo, ungetegemea takwimu za mji zing'ae. Kinyume chake, kwa pato linalobaki mkononi mwa kila mkazi, Leicester imekuwa miaka ya karibuni miongoni mwa miji ya chini kabisa Uingereza nzima. Waliofanikiwa walihamia Oadby na vitongoji vingine vilivyo nje ya mpaka wa halmashauri, na kipato chao kinahesabiwa huko. Ndani ya mji, katika majengo yaleyale ya viwanda ambako akina mama kutoka Jinja walianza kushona, kumebaki karakana ndogo za nguo, ambazo mwaka 2020 zilichunguzwa kwa tuhuma za kulipa chini ya kima cha chini cha sheria. Wanaoinamia cherehani humo sasa ni wahamiaji wengine, wengi wao wanawake wa Kihindi waliofika karibuni, na kwenye fomu ya sensa hutia alama katika kisanduku kilekile anachotia alama mwenye nyumba ya Oadby.